Saini 84, Vijitabu 83

Mtihani umeisha saa sita. Msimamizi amekusanya vijitabu vya majibu, amevifunga kwa kamba na kuvibeba hadi ofisini. Anakaa, anahesabu. Orodha ya mahudhurio ina saini 84. Vijitabu ni 83. Anahesabu upya, safari hii akiviweka kumikumi mezani. Bado 83.

Hapo ana njia mbili. Anaweza kumpigia simu mratibu wa mitihani papo hapo. Ukumbi haujafagiliwa, wasimamizi wenzake wako kantini, wanafunzi wengine bado wako stejini wakingoja matatu. Huenda kuna aliyetia saini mara mbili. Huenda kijitabu kimeingia katika furushi la kozi nyingine iliyotahiniwa ukumbi uo huo. Mara nyingi ni jambo la kumalizika kabla ya chakula cha mchana. Au anaweza kuandika "84" juu ya furushi, alikabidhi, anyamaze.

Akinyamaza, habari itafika tu, ila itafika mwakani. Mwanafunzi atakuja na barua akiuliza maksi zake ziko wapi, siku chache kabla ya orodha ya mahafali kufungwa. Kufikia hapo mtahini wa nje alishakuja akaondoka, bodi ya watahini ilishakaa, Seneti ya chuo ilishapitisha matokeo, na mhadhiri wa muda aliyefundisha darasa lile amehamia chuo kingine. Hakuna tena cha kutafuta. Kinachobaki ni kutafutana.

Wanafunzi wa vyuo vya Nairobi wamelizoea tatizo la maksi kupotea, na hulieleza kwa neno moja: uzembe. Uzembe upo, hakuna anayebisha. Lakini ukiifuatilia kesi moja moja kurudi nyuma, mara nyingi utafika kwenye siku fulani, saa fulani, ambapo kuna mtu aliyejua na akaona afadhali asiseme. Makala haya yanahusu saa hiyo.

Kilichompata wa mwisho

Uamuzi wa msimamizi yule hautokani sana na tabia yake. Unatokana na kilichompata mtu wa mwisho aliyepiga simu kama hiyo. Kama aliandikiwa barua ya kutakiwa ajieleze kabla hata furushi halijatafutwa, idara nzima ilisoma barua ile, ingawa ilikuwa na muhuri wa siri. Tangu siku hiyo sera ya idara, isiyoandikwa popote, ikawa funika kombe mwanaharamu apite.

Wataalamu wa mambo ya kazi huliita jambo hili usalama wa kisaikolojia. Aliyelipa umbo linalotumika leo ni Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti uliochapishwa 1999 kuhusu vikundi 51 vya kazi katika kampuni moja ya viwandani Marekani. Maana yake ni imani ya pamoja ya wanakikundi kwamba mtu anaweza kuuliza swali, kukiri kosa au kupinga wazo la mkubwa bila kuadhibiwa wala kuaibishwa. Lishike hilo neno "pamoja". Hapa anayepimwa ni kikundi, ndiyo maana mhadhiri yule yule huwa simba katika kikao cha chama cha wahadhiri Jumatatu, na Jumanne akawa bubu katika mkutano wa idara yake.

Miaka 3 kabla ya hapo, Edmondson alikuwa amechapisha utafiti kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwambia kinyume: wodi hizo ndizo zilizoonyesha makosa mengi. Alipochimba zaidi, maelezo yaliyoingia akilini ni kwamba wauguzi wa wodi hizo walikuwa wakiyasema makosa yao, huku wenzao wa wodi za hofu wakiyaficha. Mkuu wa kitivo anayejivunia idara ambayo haijaleta tatizo hata moja muhula mzima angefanya vyema kuikagua hiyo kwanza.

Watu huchanganya jambo hili na upole. Idara ambayo kila mtu anamsifu mwenzake, anacheka, kisha anaenda kusema ya moyoni kwenye maegesho ya magari, haina usalama wowote. Ina adabu tu. Kipimo nilicho na imani nacho ni cha saa: habari mbaya huchukua muda gani kumfikia mwenye uwezo wa kuishughulikia? Siku moja, muhula mmoja, au hadi iandikwe gazetini?

Ari inaingilia wapi

Kabla ya Edmondson kulikuwa na William Kahn, ambaye mwaka 1990 aliwachunguza wafanyakazi wa kambi ya vijana na wa kampuni ya wasanifu majengo, akitaka kujua ni lini mtu hujitoa kazini kwa moyo wote na ni lini huleta mwili tu. Aligundua kwamba mtu hujiuliza maswali matatu, mara nyingi bila kujijua. Kuna maana gani nikijitoa hapa? Je, ni salama? Na je, nguvu ninazo?

Kwa hiyo usalama ni swali moja tu kati ya matatu, na wakuu wengi wa vyuo wanaosoma habari za usalama wa kisaikolojia huyasahau yale mengine. Mchukue mhadhiri wa muda. Asubuhi ana darasa Barabara ya Thika, mchana Lang'ata, na kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku ana darasa la jioni katikati ya jiji. Hana ofisi katika chuo hata kimoja. Vijitabu vya mtihani anavisahihisha kwenye meza ya mkahawa au ndani ya gari. Malipo ya muhula uliopita hayajaingia. Ukimwita mtu huyu kwenye warsha ya kusema bila woga, atakuja, atakunywa chai, atatia saini. Swali la tatu la Kahn limemshinda kabla hajalifikia la pili.

Na huyu ndiye anayebeba furushi. Malipo yakichelewa sana, wengine huzuia maksi mpaka walipwe, yaani maksi zimegeuka dhamana. Ni kosa kwa mwanafunzi asiye na hatia, lakini mwajiri anayeshangaa afunge hesabu zake kwanza: mkataba uwe umetiwa saini kabla ya wiki ya kwanza, utaje kiwango cha malipo kwa saa na tarehe ya kulipwa, na useme wazi kwamba kazi imekamilika siku jedwali la maksi lilipopokelewa na kutiwa saini na idara. Bila karatasi hiyo ya mapokezi, pande zote mbili zitadai zinavyotaka.

Kwa walioajiriwa kwa kudumu, jeraha ni jingine. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulianza Septemba ukamalizika Novemba baada ya siku 49, na kiini chake kilikuwa deni la Sh7.9 bilioni la mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021, ule ambao wahadhiri huuita CBA. Pesa zilizungumzwa sana. Kilichozungumzwa kidogo ni kinachotokea kwenye korido baada ya mgomo wowote. Kuna waliogoma, kuna waliofundisha kimyakimya mtandaoni, na kila upande unaujua mwingine. Muhula unabanwa, wiki zinapunguzwa, na watu hawa hawa wanaambiwa wakae meza moja kupitia maswali ya mtihani ya wenzao. Kupitia maswali ni kazi ya kukosoana. Kama hakuna aliyelitaja jambo lile, kila kosoo husikika kama kisasi.

Kikao kimoja cha saa moja kinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Mwenyekiti anakifungua kwa kukiri kwamba watu waliamua tofauti, anaweka wazi kwamba hakuna atakayenyimwa kozi wala kupandishwa cheo kwa sababu ya uamuzi wake, kisha moja kwa moja anahamia kwenye kazi: wiki zimebaki ngapi, mada zipi zinakatwa, nani amezidiwa. Asijaribu kuwapatanisha. Hilo si jukumu lake, na hana ujuzi nalo.

Fimbo iliyofichwa kwenye ratiba

Ukimuuliza mhadhiri wa Nairobi anaogopa nini hasa akisema ukweli, ni wachache watakaotaja kufutwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema wazi kwamba malalamiko ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta, ila ikionekana hayana msingi. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 33, inautaja uhuru wa kitaaluma kwa jina. Sheria ipo.

Lakini sheria haisomi ratiba. Adhabu ya kweli huja muhula unaofuata. Mtu aliyebishana na mwenyekiti anajikuta na darasa la wanafunzi 300 wa somo la lazima, kipindi cha Ijumaa jioni, na kingine Jumatatu asubuhi katika kampasi ya mbali. Kozi ya uzamili aliyoijenga mwenyewe imepewa mwingine "ili naye apate uzoefu". Jina lake limeruka kwenye kamati. Hakuna barua, hakuna cha kukatia rufaa, na akilalamika ataonekana mvivu. Wengine wote wanaiona ratiba ikibandikwa na wanaelewa.

Kwa hiyo kama ingekuwa lazima kuchagua jambo moja tu la kubadilisha katika idara, ningeanzia hapa, si kwenye warsha wala kwenye safari ya kuvuta kamba Naivasha. Mgao wa kozi uwe jedwali moja ambalo kila mhadhiri analiona kabla halijapitishwa. Liwe na jina la mhadhiri, idadi ya kozi, jumla ya wanafunzi, vipindi vya jioni na wikendi, wanafunzi wa uzamili na uzamifu anaowasimamia, na muhula wa mwisho alipobeba darasa kubwa. Madarasa makubwa na ya Ijumaa jioni yazunguke kwa zamu. Rasimu ikae wazi siku 5 za kazi, na kila mabadiliko baada ya hapo yaandikwe sababu kwenye safu ya mwisho. Mwenyekiti anabaki na mamlaka yake yote ya kuamua. Kilichoondoka ni giza.

Mara ya kwanza jedwali hili huleta ugomvi, lazima tuseme ukweli. Watu huona kwa macho kwamba profesa fulani ana kozi moja yenye wanafunzi 9. Vumilia. Ugomvi huo ulikuwepo miaka yote, ulikuwa tu unafanyika kwa minong'ono.

Msimamizi wako wa tasnifu ndiye mkubwa wako

Kuna fundo lingine ambalo vitabu vya kigeni haviligusi sana. Vyuo vyetu vimejaa wahadhiri chipukizi wanaosomea uzamifu katika idara hizo hizo wanazofundisha. Mtu anayesaini ripoti ya maendeleo ya tasnifu yake ndiye anayemgawia kozi, ndiye anayeketi kwenye jopo la kupandisha vyeo, na pengine ndiye atakayeandika barua ya kumpendekeza kwa ufadhili. Mwambie huyo kijana ainue mkono kwenye mkutano aseme mtaala mpya una kasoro, wakati aliyeuandika mtaala ni msimamizi wake. Atainua kikombe.

Hapa maneno ya kutia moyo hayana kazi. Tenganisha kofia. Mwenyekiti wa idara asiwe msimamizi mkuu wa mfanyakazi aliye chini yake. Akilazimika kwa sababu ndiye pekee mwenye utaalamu huo, msimamizi wa pili atoke kitivo kingine na ripoti za maendeleo ziende moja kwa moja kwenye bodi ya masomo ya uzamili. Sura iliyowasilishwa irudishwe na maoni kwa tarehe iliyoandikwa, tuseme ndani ya siku 21, kwa sababu silaha kuu ya msimamizi aliyekasirika ni kukaa kimya na sura ya tatu kwa miezi sita. Tarehe ikiwa imeandikwa, kuchelewa kunaonekana ni kuchelewa, hakuhitaji mtu kulalamika.

Mzizi wa ukimya huu ni mrefu. Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa bila kesi mkesha wa mwaka mpya wa 1978, na alipoachiliwa Desemba mwaka huo hakurudishiwa kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku 1980. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa walitiwa kizuizini, Willy Mutunga akiwa mmoja wao, miaka mingi kabla hajawa Jaji Mkuu. Usajili wa UASU, chama cha wahadhiri cha sasa, ulikuja 2003. Wanaoongoza idara leo walifundishwa na watu walioponea nyakati zile, na miongoni mwa yale waliyofunzwa ni namna ya kuangalia nani ameketi karibu kabla ya kufungua mdomo. Hakuna aliyewafundisha darasani. Waliona.

Mkutano wa saa nane mchana

Tazama ajenda ya mkutano wa kawaida wa idara. Kufunguliwa, kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, ripoti ya mwenyekiti, ripoti za kamati, mitihani, kisha Mengineyo. Ripoti ya mwenyekiti inakula dakika 50. Mambo yanayowakereketa watu yamerundikwa kwenye Mengineyo, saa kumi kasorobo, wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba. Anayeinua mkono hapo anachukiwa na wote, hata wanaokubaliana naye.

Yalete Mengineyo mwanzo. Tuma ajenda siku 2 kabla, uwaombe watu watume tatizo moja kila mmoja kwa mratibu, bila lazima ya jina, na yale matatu yaliyojirudia yawe kipengele cha kwanza baada ya kufungua. Ripoti ya mwenyekiti itumwe kwa maandishi. Watu wazima wanajua kusoma.

Mpangilio wa kusema nao una uzito. Prof akitoa maoni yake kwanza, mjadala umekwisha, kilichobaki ni kuunga mkono. Mwenyekiti aseme mwisho. Kwa jambo zito, wape watu dakika 3 za kuandika kwanza kimya, kisha anzia kwa wa cheo cha chini kupanda juu. Na usiulize "Kuna swali?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni kimya. Uliza jambo lenye kingo: "Ni kipi kwenye ratiba hii kitakachotuvunjikia kufikia wiki ya 9?" Swali la namna hiyo linachukulia kwamba kuna kitakachovunjika, kwa hiyo anayejibu anatii tu ombi, haonekani mpinzani.

Halafu kuna sekunde kumi baada ya mtu kusema. Yote tuliyojenga hapo juu huweza kubomoka ndani yake. Mhadhiri kijana anasema:

"Prof, darasa la mwaka wa pili lina wanafunzi 210, na ukumbi tuliopewa una viti 120."

Jibu la kwanza, ambalo sote tumelisikia: "Kwani wenzako wanafundishaje, Daktari?" Chumba kinacheka kidogo. Kijana anaketi, na hatasimama tena hadi atakapokuwa yeye ndiye Prof.

Jibu la pili: "Asante kwa kulisema wiki ya kwanza. Umeshajaribu wapi? Nani ana ukumbi mkubwa Jumatano kuliko darasa lake?" Halina huruma ya ziada, halina sifa. Lina shukrani fupi, swali la hali ilivyo, na hatua. Mwenyekiti anayetaka kubadilika afanye mazoezi ya sentensi hizo tatu mpaka zitoke zenyewe, maana siku ya habari mbaya kwelikweli hatakuwa na nafasi ya kufikiri.

Kumbukumbu za mkutano ziandikwe "Idara ilibaini kwamba ukumbi hautoshi", siyo "Dkt. fulani alilalamika". Na mkutano unaofuata uanze na jambo hilo limefikia wapi, hata kama limekwama: "Nililipeleka kwa mkuu wa kitivo tarehe 14, amekataa, sababu ni hii." Ukimya una mama wawili, hofu na kukata tamaa. Wenyeviti wengi wapole wameshaiondoa hofu na bado wanashangaa mbona hakuna anayesema. Watu waliacha kusema kwa sababu walishasema mara nne na hakuna kilichorudi.

Jambo jingine la Nairobi, na tuliseme bila kupakapaka. Katikati ya mjadala watu wawili watatu wanahamia lugha ya nyumbani kwao, wanacheka, wanarudi kwenye Kiingereza. Huenda walikuwa wakizungumzia mvua. Asiyeielewa lugha ile ameshahitimisha kwamba uamuzi ulipitishwa pale. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, lakini hakuna sheria inayofika hadi kwenye kikombe cha chai. Mwenyekiti ndiye afike, kwa kusema tu: "Tafadhali, turudini sote."

Kuhusu kundi la WhatsApp la idara, kanuni mbili zinatosha: hakuna anayekemewa humo, na baada ya saa moja usiku ni dharura pekee.

Kupima bila kuumbua watu

Dodoso la Edmondson lina kauli 7, na mtu hujibu kwa kiwango cha 1 hadi 7. Kauli tatu zimegeuzwa, kwa mfano ile inayosema kwamba ukikosea katika kikundi hiki kosa lako hutumiwa dhidi yako. Kwa hizo, alama halisi ni 8 kutoa jibu la mtu: aliyejibu 6 anapata 2. Kosa la kawaida kabisa ni kusahau hatua hii na kujumlisha zote, kisha idara yenye hofu ikaonekana ya wastani. Kwa upande wa ari, kipimo kinachotumika sana ni cha Wilmar Schaufeli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, ambacho hutazama nguvu, moyo wa kujitoa, na kuzama kazini. Toleo fupi la 2006 lina kauli 9, tatu kwa kila upande, kwa kiwango cha 0 hadi 6.

Ukitafsiri kwa Kiswahili, jihadhari. Kauli moja ya kuzama inasema kwa Kiingereza kwamba kazi humchukua mtu. Ukiileta neno kwa neno, msomaji wa Nairobi atadhani amechukuliwa na kanjo, askari wa jiji. Andika "Nikishika kazi, husahau hata saa ya chakula," halafu mpe mwenzako mwingine airudishe kwa Kiingereza uone imebaki na maana ile ile.

Hatari kubwa zaidi ni utambulisho. Idara ina watu 12. Dodoso linauliza jinsia, cheo na miaka ya kazi. Mwanamke, mhadhiri mwandamizi, miaka 10 hadi 15: ni mtu mmoja, na kila mtu anajua anaegesha gari wapi. Uliza sifa moja tu, usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 5, zima sehemu ya fomu inayokusanya anwani za barua pepe, na kazi ya kukusanya ifanywe na mtu wa idara nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai uwaeleze watu data zao zinakwenda wapi. Waeleze kwa sentensi mbili juu ya fomu. Pima wiki ya 6 au ya 7. Wakati wa mitihani utapima uchovu, na mwezi ambao mshahara umechelewa utapima mshahara.

Kisha usitulizwe na wastani. Tuseme wahadhiri 12 wamepata wastani wa 4.9 kati ya 7. Inaonekana si mbaya. Wagawe: wakubwa 5 wana 6.2, vijana 7 wana 4.0. Hizo ni idara mbili zinazotumia mlango mmoja, na ile ya juu haijui ya chini inaishije. Mpishi hasikii moshi wa jiko lake. Pengo hilo ndilo la kuleta mkutanoni, na waletee wakubwa swali moja: mara ya mwisho kijana kukuambia umekosea ilikuwa lini?

Kuna atakayeuliza kama haya yote hayawapi wabovu pa kujificha. La. Kuuza maksi, kumtaka mwanafunzi kimapenzi, kuiba kazi ya mwenzako: hayo ni ya kamati ya nidhamu, na idara yenye usalama huyafikisha huko mapema kwa sababu mashahidi hawaogopi. Tofautisha na kosa la kuhesabu, na tofautisha zaidi na jaribio lililoshindwa, kama mhadhiri aliyebadilisha CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, kuwa mradi wa vikundi na nusu ya darasa ikapotea njia. La kuhesabu linarekebishwa kwa utaratibu. La jaribio linajadiliwa kwa dakika 20 ili wengine wasilirudie. Anayeyatupa yote matatu kwenye kapu la barua za kujieleza atapata idara yenye utulivu mkubwa na mafurushi mepesi.

Turudi kwenye furushi. Fomu ya kukabidhi mtihani iwe na visanduku vinne, vijazwe siku ile ile kabla ya msimamizi kuondoka kampasini. Saini kwenye orodha: 84. Vijitabu vilivyohesabiwa, mbele ya mtu wa pili: 83. Majina yatakayotarajiwa kwenye jedwali la maksi: 84. Na cha nne, ambacho fomu nyingi hazina: kama namba hazilingani, nani amepigiwa simu, saa ngapi.